Giaboksi ya Marehemu Egwang

Akwii alimjua mkwewe kwa viatu. Uso wake hakuwahi kuuona, ila mara moja kwenye picha ya simu, na hapo pia alifumba jicho moja, kwa sababu wazee waliotunga desturi hawakusema lolote kuhusu picha, naye hakutaka kuwa wa kwanza kuwauliza. Lakini viatu alivijua vizuri. Mkwe alianza na akala za tairi, enzi zile akichomelea wilbaro za watu pale Busia. Akapanda cheo, akaja na gambuti. Baadaye zikaja buti za ngozi zenye chuma puani, zimetobolewatobolewa na cheche za moto. Zote hizo Akwii alizionea chini ya bati.

Bati lenyewe lilisimama katikati ya kibanda chake cha spea, Malaba, kando ya barabara ambapo malori ya kuvuka Uganda hukaa foleni mpaka madereva wanapata marafiki, na wengine wanapata watoto. Mbele ya bati alipanga vitu vya kuuza: rediyeta, sahani za klachi, beringi zilizolowekwa mafuta ndani ya sufuria kuukuu. Nyuma ya bati kulikuwa na kiti chake na jiko lake. Chini, bati liliacha nafasi ya shubiri moja ili maji ya mvua yapate njia. Mteja wa kawaida akija, Akwii alitoka akaongea naye uso kwa uso, akamdanganya kidogo kama ilivyo haki ya mwenye duka. Mkwe akija, aliruka nyuma ya bati kama kuku aliyeona mwewe, ingawa miguu yake haikuwa tena ya kuruka.

Ndivyo ilivyo huko, kwa Wateso na kwa majirani zao Waluhya vilevile. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mikono, hawapokezani kitu. Wanakaa hivyo mpaka siku mkwe atakapokuja rasmi na mzee wa ukoo wake, aseme yanayosemwa, alete yanayoletwa, na blanketi jipya lifunikwe mabegani mwa mama mkwe. Siku hiyo ndipo anapompa mkono, na wanawake wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo wanaweza kugombana kama watu wengine.

Makokha, mkwe huyo, mtu wa Butula, alikuwa amemchukua Amoding, binti pekee wa Akwii, zamani. Kifungua mimba wao alikuwa ameanza kubadilisha sauti. Blanketi halikuja. Kule Butula dada za Makokha walimwita Amoding "mgeni wa Makokha", wakicheka, na Amoding akicheka nao, maana angefanya nini? Mwanamke asiyetolewa mahari ni kama lori lililokwama mpakani bila karatasi. Linaoshwa, linalindwa, hata watu wanalala ndani yake, lakini nyasi zinaota kwenye magurudumu. Akifa huko, kila mtu anaanza kuuliza maiti ni ya nani. Akwii alikuwa ameshaona jeneza likiachwa juani huku wanaume wakibishana juu ya jambo hilo, na tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani. Si blanketi. Mablanketi anayo, moja hata lina simba. Alitaka binti yake asije akawekwa juani.

Sasa Makokha alikuwa na sababu yake ya kukawia, na sababu hiyo ilikuwa gari.

Padri mmoja wa kigeni aliwahi kuagiza gari la kujiundia, lile linalokuja vipande vipande ndani ya sanduku, mwenyewe unalifunga kwa spana kama mtoto anayechezea udongo. Lilikuwa na ganda la faiba, jekundu, viti viwili, pua ndefu kama ya swala. Padri akahamishwa kabla hajafunga milango. Injini ndogo iliyokuja nalo ikapasuka mikononi mwa katekista aliyetaka kujaribu. Ganda likabaki nyuma ya kanisa likilaliwa na mbuzi, mpaka Makokha alipochomelea geti la misheni na kupewa gari lile badala ya ujira. Akalikokota hadi banda lake la Busia. Akaapa mbele ya mkewe.

"Mimi siendi ukweni juu ya bodaboda kama gunia la sukari ya magendo," alisema. "Nitaenda na gari nililounda kwa mikono hii. Mama yako atasikia mngurumo akiwa bado Malaba."

Akwii alipoambiwa alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka. Alipima akaona kwamba heshima ya binti yake sasa imepakiwa ndani ya ganda la faiba, na ganda halina injini. Tangu hapo, wakati wenzake kanisani wakiombea mvua na watoto wa mtihani, yeye aliombea injini.

Injini ikapatikana. Ilitoka kwenye gari la abiria la zamani lililopinduka, ya petroli, ile mafundi wanayoiita saba-K. Ikaingia kwenye fremu baada ya kukatwa hapa na kuungwa pale. Giaboksi ya asili ya gari la padri, ile ndogo, haikuweza hata kuitazama injini hiyo. Ikabaki kutafuta giaboksi.

Siku moja buti zenye chuma puani zikasimama mbele ya bati.

"Trizah, mwambie mama namsalimia."

Trizah alikuwa mama wa chapati wa kibanda cha pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Kazi ya kuwa mdomo wa mkwe na mama mkwe aliifanya bure, kwa sababu ya utamu wake.

"Mama Amoding, anakusalimia."

Bati lilikuwa na matundu kama chujio. Madereva wa malori walisikia kila neno, sembuse Akwii. Lakini desturi ni desturi.

"Mwambie nimeitika. Watoto hawajambo?"

"Wazima. Mwambie natafuta giaboksi. Ya saba-K."

Akwii alitazama chini. Miguuni pake, chini ya gunia la mkonge, kulikuwa na giaboksi. Ilikuwa ya pikapu ya marehemu mume wake, Egwang, iliyokuwa na injini ya tano-K. Saba-K na tano-K ni kama watoto wa tumbo moja. Mdomo wa giaboksi ile ungekaa kwenye kitako cha injini ya Makokha kama kikombe kwenye kisahani chake. Pikapu yenyewe iliuzwa kipande kwa kipande baada ya mazishi. Giaboksi alikataa kuiuza. Watu walidhani ni mapenzi, na labda yalikuwa mapenzi, lakini pia hakuna aliyewahi kutoa bei nzuri.

Angeweza kuisukuma kwa mguu ikatokea chini ya bati. Hakuweza. Mkwe ambaye hajaleta blanketi apokee kitu kizito hivyo kutoka kwa mama mkwe? Hiyo ni kama upande wa msichana kulipa mahari kwa mvulana. Wangechekwa hadi Tororo.

Basi akatoa alichoweza kutoa, yaani maneno. Akwii aliyajua mambo hayo kwa sababu miaka yote ya ndoa yake alimshikia Egwang tochi, na anayeshika tochi huona kila kitu, na hulaumiwa kwa kila kitu.

"Mwambie asinunue ya gari la kuvuta mbele. Injini yake imelala kwa urefu, inasukuma magurudumu ya nyuma. Atafute ya familia ya K, midomo yao inafanana. Ahesabu meno ya shafti, yaingie kwa sahani ya klachi bila kulazimishwa. Halafu apime urefu, mpaka pale mkono wa gia unapotokea, asije akabadilishia gia kwenye buti la nyuma."

"Anasema..." Trizah akaanza, kisha akageuza chapati. "Wee Makokha, si umesikia? Chapati yangu inaungua."

"Nimesikia. Mwambie mama asante, lakini mimi ni fundi. Chuma ni chuma. Isipoingia nitaiingiza."

"Mwambie," alisema Akwii polepole, "hata marehemu Egwang alikuwa akisema hivyo, na si kwa giaboksi."

Madereva walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Buti zikageuka, zikaondoka zikipiga changarawe. Akwii alijua amekosea mara tu ziliposhika njia. Utani ni chumvi. Ulimi wake siku zote ulimwaga kopo zima.

Makokha hakurudi kuuliza. Alivuka mpaka akanunua giaboksi ya bei rahisi, kubwa, safi, inang'aa. Ilikuwa ya gari la kuvuta mbele. Kuku wa jirani wakaitagia mayai. Akanunua nyingine, ya pikapu ya dizeli. Mdomo wake ulikuwa mpana kupita kitako cha injini, matundu ya bolti hayakutazamana hata moja. Akakata sahani ya chuma, akaiweka katikati, akachomelea. Watu wa Busia walikusanyika. Gari likaondoka! Lilifika Alupe, likatoa moshi wa klachi inayoungua, likasimama mbele ya watu wanaotoka kanisani.

"Mama, ililia kama nguruwe," Amoding alisema kwenye simu. Alikuwa akicheka, na katikati ya kicheko kulikuwa na kitu kingine.

"Alipinda mdomo," alisema Akwii. "Ukipinda hata unene wa unywele, shafti inazunguka ikigombana na injini. Ni kama watu wawili kitandani na kila mmoja anavuta blanketi lake."

"Mama!"

"Nimesema blanketi tu."

"Sasa hataki kusikia habari ya gari. Hataki hata kusikia habari yangu. Anakaa Busia wiki nzima, akija hapa shamba ni kubadilisha nguo."

Hapo Akwii akaona lazima atende. Huko Busia, karibu na steji, alikuwako Callistus, muuza spea aliyewahi kuwa turnboi wa Egwang, msaidizi wake garini. Akwii akaifunga giaboksi ndani ya gunia, akaipakia kwa bodaboda, akampigia simu.

"Mkwe wangu akipita hapo, ataiona. Mwambie imetoka Mbale."

"Mama, si nimwambie tu ukweli?"

"Ukimwambia hataichukua. Na umuuzie kama unavyouzia watu, uchukue chako. Usimpe bure. Mwanaume akipewa bure anaanza kukagua meno."

"Na rivasi? Hii si ndiyo ile ya mzee? Rivasi yake ilikuwa na maneno."

Ndiyo. Rivasi ya giaboksi hiyo, yaani gia ya kurudi nyuma, ilikuwa na maneno. Ilikuwa inaingia ikitaka, na ikikataa, ilikataa kabisa, hata ungeivuta kwa trekta. Egwang alikuwa na ujanja wake: klachi chini hadi mwisho, gia ya tatu kwanza, uhesabu pumzi moja, kisha unainua mkono wa gia kidogo kama unayeinua kifuniko cha chungu usichome vidole, ndipo unaurudisha. Fundi asiyejua angefungua giaboksi nzima na asikute kosa. Ujanja huo waliujua watu wawili, na mmoja alikuwa kaburini.

"Hayo niachie mimi," alisema Akwii.

Hakumwambia Callistus sababu, lakini sababu ilikuwa hii. Alikuwa amejiuliza mara nyingi siku ya blanketi, akishapewa mkono, atamwambia nini mkwewe. Maneno ya kwanza kwa mtu uliyemjua kwa viatu tu si mchezo. Sasa aliyapata. Atamwambia: mwanangu, giaboksi hiyo ni ya baba yako Egwang, na rivasi yake inaitwa hivi. Alijizoeza nyuma ya bati, kwa sauti ndogo, mpaka Trizah akauliza kama ameanza kuongea na marehemu.

Giaboksi ikaingia. Bolti zikatazamana kama macho ya wachumba. Meno ya shafti yakapita kwenye klachi bila nyundo. Hata mkono wa gia ulitokea palepale padri wa watu alipokuwa ameacha tundu. Amoding alipiga simu akipiga kelele.

"Mama, linaendeka! Limefika Butula! Ila gia ya pili inalia, iiii, kama mbuzi aliyeachwa na mama yake."

Akwii alikaa chini. Aliujua wimbo huo. Miaka mingi alipika chakula kwa kuusikia ukipanda kilima, Egwang akirudi nyumbani.

"Na rivasi?"

"Inasumbua. Anashuka anasukuma kwa mguu. Anasema haina shida, mwanaume anaenda mbele."

"Sawa," alisema Akwii. "Aende tu mbele kwa sasa."

Mvua zikapita, mahindi yakavunwa. Kisha Callistus akapiga simu, anahema kwa furaha.

"Mama, jiandae! Mkwe wako amenunua blanketi. Nimeliona kwa macho yangu ndani ya gari, na kreti za soda, na suti mpya. Amemwita yule mjomba wake mkubwa, msemaji wa ukoo. Jumamosi ni ukweni."

Sasa, mtu wa kabila lingine angeuliza: kwa nini Akwii hakumpigia simu Makokha akamwuliza? Ndiyo ujue jinsi desturi inavyoweza kumfunga mtu. Mama mkwe hampigii mkwe. Amoding angeuliza, lakini Amoding hakuwa ameambiwa lolote.

"Hajaniambia, Mama."

"Wanaume hupenda kushtua watu. Usimharibie. Wewe vaa tu, uwe tayari asubuhi. Atakupitia hapo Butula mje pamoja, hata kama ni kubanana."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwa Akwii mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Boma la Akwii lilikuwa kando ya barabara itokayo Malaba kwenda Amagoro. Jumamosi hiyo ua ulifagiwa ukafagiwa tena. Viti vya kanisa vilikopwa. Mbuzi alifungwa kwenye mpera, amenona, anatafuna majani akifikiri ni wema. Trizah alifunga kibanda, akaja na sufuria zake zote na sauti yake yote. Wanawake walijipanga getini, na Akwii, kama inavyopasa, akajificha ndani nyuma ya pazia, akichungulia kwa tundu lililoliwa na nondo. Alikuwa amevaa rinda la zambarau na hakuwa na kitu mabegani. Mabega aliyaacha wazi makusudi.

Alipiga simu. "Mko wapi?"

"Bado namngoja, Mama," alisema Amoding. "Nimekaa nje hapa barabarani nisimcheleweshe. Watoto pia wamevaa."

"Basi atakuwa njiani."

Hapo ndipo alipousikia. Kwa mbali, upande wa Malaba, iiii, gia ya pili ikipanda kilima. Simu ilikuwa bado sikioni. Alifikiri: amempita Amoding vipi? Gari limeshafika hapa, na Amoding bado yuko Butula. Akili yake ilihesabu haraka kuliko moyo wake, lakini wanawake getini hawakuwa na hesabu yoyote. Trizah alishaanza vigelegele.

Gari jekundu likatokea kwenye kona, limeng'arishwa, ribboni nyeupe puani. Kwenye kiti cha abiria aliketi mzee mwenye kofia na koti zito juani, yule mjomba msemaji wa ukoo, na magotini pake blanketi bado limo kwenye nailoni. Mtu habebi mjomba na blanketi kwenda sokoni. Gari likaja mpaka usawa wa geti. Mikono ya wanawake ilikuwa juu. Dereva akatazama mbele. Halikupunguza mwendo. Aliingiza gia ya tatu, kilio kikakoma, na gari la Makokha likapita kwa mngurumo mzuri, laini, wa giaboksi iliyokaa sawasawa na injini yake, likashika njia ya Amagoro.

Vigelegele vilikatikia hewani. Cha Trizah ndicho kilichokuwa cha mwisho kunyamaza.

"Mama," ilisema simu, "nasikia vigelegele. Nani amefika?"

Akwii alikata simu. Baadaye alisema ni betri.

Kabla ya jua kuzama walishajua yote, kwa sababu Amagoro si mbali na habari mbaya haihitaji gari. Msichana anaitwa Sharlyne, karani wa ofisi ya kupitisha mizigo pale Busia, na kwao ni Amagoro. Mama yake alifunikwa blanketi, akapewa mkono. Walisema gari lilisifiwa sana. Walisema pia kwamba wakati wa kuondoka halikurudi nyuma, vijana wa pale wakalisukuma kutoka uani huku mkwe mpya akiwa ndani anageuza usukani, na watu walicheka, lakini cheko la sherehe.

Mbuzi hakuchinjwa. Ni yeye peke yake aliyefurahi.

Amoding hakulia kwenye simu. Aliuliza tu, "Ulisema nivae, Mama?" Akwii akajibu, "Nilisema." Hapakuwa na utani wowote mahali hapo, ingawa ulimi wake uliutafuta kwa mazoea, ukipapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Wiki iliyofuata Akwii alikuwa mbele ya bati, akipangusa beringi, mgongo wake kwa barabara. Akasikia ile iiii. Ikakoma. Mlango wa faiba ukafungwa kwa sauti yake ya kopo. Kabla hajageuka aliona viatu kwenye changarawe. Havikuwa buti. Vilikuwa vyeusi, vya ncha kali, vinang'aa, hata vumbi la Malaba lilikuwa halijavizoea.

Hakuvijua, ingawa gari alilijua. Ndiyo maana alichelewa kuruka.

"Yoga, mama," ilisema sauti. Salamu ya Kiteso, safi, iliyofundishwa na mtu.

Akainua macho. Uso ulikuwa wa kawaida. Hilo ndilo lililomshangaza. Miaka yote hiyo alikuwa ameutengeneza uso mkubwa wa kutosha viatu vile, na kumbe ni mwanaume tu, ana shavu lenye alama ya moto, anatabasamu kama mteja. Makokha hakugeuka pembeni. Hakuinamisha kichwa. Alinyoosha mkono.

Trizah aliacha chapati ikaungua kabisa.

"Callistus ameniambia hiyo giaboksi ilikuwa ya hapa," Makokha alisema. "Iko sawa sana, mama, nashukuru. Sasa tatizo ni rivasi. Mafundi wamefungua mara mbili, hawaoni kitu. Nimeona nije kwa mwenyewe. Nitalipa."

Mkono ulikuwa bado umenyooshwa. Akwii aliutazama. Ulikuwa mkono aliouombea kanisani. Alielewa kwamba mtu huyu hakuwa amesahau desturi. Mtu wa Butula hasahau. Alikuwa ameimaliza. Humwamkii mama mkwe hivyo. Unamwamkia hivyo mama mwenye duka. Akiushika mkono ule, basi hapana ukwe tena, na Amoding, kule shambani na watoto wake waliovaa bure, atakuwa hata si mgeni. Na atakuwa ametolewa na mama yake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya foleni ya malori.

Maneno yalikuwa kinywani: klachi chini, tatu kwanza, pumzi moja. Alikuwa ameyazoea sana, yalitaka kutoka yenyewe.

Akajifunika leso kichwani. Akageuka, akaenda nyuma ya bati, polepole, magoti yakilia, akaketi kwenye kiti chake.

"Trizah," aliita, "mwambie mkwe wangu nimesikia salamu."

"Anasema... amesikia salamu."

Viatu vya ncha vilisogea. "Mama, si mambo hayo tuachane nayo? Mimi na Amoding... hiyo ilikuwa zamani. Toka tuongee biashara."

"Mwulize watoto hawajambo?"

"Anauliza watoto..." Sauti ya tarumbeta ilikuwa imepasuka. "Makokha, anauliza watoto wako kama hawajambo."

Dereva mmoja wa lori akakohoa.

"Mwambie," alisema Akwii, "rivasi ya giaboksi hiyo ni neno la siku ya blanketi. Mkwe wangu atakapokuja na blanketi, nitamwambia kwa mdomo wangu. Nami nipo. Sijahama."

"Huyu mama ni mkaidi kweli," Makokha alisema, akacheka kidogo, akimtafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Viatu vikasimama tena kwa muda, kimoja kikipiga changarawe. Kisha vikaondoka.

Alikuwa ameegesha vibaya, pua imeelekea mtaroni. Injini ilinguruma. Giaboksi ilikwaruza, ikakataa, ikakwaruza tena. Akwii, macho yamefumbwa, mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu hadi mwisho, na mkono wake ukainuka kidogo hewani kama unaoinua kifuniko cha chungu. Aliushika kwa mkono wa pili, akauweka magotini.

Mwishowe watu wa bodaboda walilisukuma, wakitaka chao kwanza. Iiii ikapotea upande wa Busia.

Simu iliita. Ilikuwa Amoding.

"Mama, wamesema gari limeonekana Malaba. Alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

Akwii alitazama nafasi ile chini ya bati, ya shubiri moja, ambapo maji hupita mvua ikinyesha.

"Alikuwa anatafuta spea," alisema. "Nimemwambia hakuna."